Dripu ya mifupa baada ya saratani ya matiti: kuacha au kuongeza miaka?

Mwanzoni mwa mwaka huu nilimpeleka mama kliniki ya saratani jijini Mwanza nikiamini kwamba tunakwenda kutundikiwa dripu ya saba ya zoledroniki, dawa ya kulinda mifupa, kama tulivyokuwa tukifanya kila baada ya miezi 6 tangu mwaka 2023. Sista alikuwa amekwisha kumfunga mpira mkononi akitafuta mshipa pale daktari alipoingia na faili, akamwomba angoje kidogo, kisha akamweleza mama kwa upole kwamba miaka 3 imetimia, kwamba tungeweza kuishia hapo au kuongeza miaka 2, na kwamba hakukuwa na haraka ya kuamua siku ile. Mama ana umri wa miaka 64 na ni mkazi wa Sengerema. Hakusema neno hadi tulipofika stendi ya Nyegezi, ndipo akanigeukia: "Mwanangu, askari amelinda mlango miaka 3 na mwizi hajaja. Leo tumwambie aende zake?"

Nilikosa jibu. Ulinganisho ninaouandika hapa ndio jibu nililompa baada ya majuma kadhaa ya kusoma na ya kurudi kwa daktari na daftari la maswali, na nimeuandika kwa ajili ya familia nyingine za kanda hii ambazo zitaulizwa swali hilo hilo. Mimi si daktari. Kazi yangu ni ya uhasibu, na pengine ndiyo maana nimevutwa zaidi na hesabu.

Sababu ya kuanza dawa

Wanawake 3 wanaweza kuketi kwenye benchi moja, wote wakisubiri "dawa ya mifupa", na kila mmoja akawa na sababu yake iliyo tofauti kabisa na ya mwenzake. Wa kwanza hana saratani popote panapoonekana, ila anapewa dawa ili kupunguza uwezekano wa saratani kurudi na kuota ndani ya mifupa. Wa pili anapewa kwa sababu vidonge vyake vya homoni, kama letrozoli au anastrozoli, vinaondoa hata ile estrojeni kidogo inayobaki mwilini baada ya hedhi kukoma, na mfupa usiokuwa na estrojeni hupungua madini upesi na kuvunjika kwa urahisi. Wa tatu saratani yake imekwisha kufika mifupani, na dawa inatumika kupunguza maumivu, mivunjiko na hatari ya uti wa mgongo kubanwa. Anayeuliza "niendelee hadi lini" bila kwanza kujua yeye ni yupi kati ya hao anaweza kupewa jibu sahihi la mtu mwingine.

Kwa huyo wa tatu swali la miaka 3 au 5 halipo, kwa kuwa dawa huendelea maadamu inamfaa na mwili wake unaihimili. Linalozungumzika kwake ni nafasi kati ya dripu moja na nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liligundua kwamba zoledroniki ikitolewa kila baada ya wiki 12 haikuwa dhaifu kuliko ikitolewa kila baada ya wiki 4 katika kuzuia mivunjiko na matatizo mengine ya mifupa, na kwa mgonjwa anayetoka kisiwani Ukerewe, tofauti ya safari 13 kwa mwaka na safari 4 si jambo dogo. Aulize. Kuanzia hapa nitawazungumzia wawili wa mwanzo, na mama yangu, kama ilivyo kwa wengi, ni wa kwanza na wa pili kwa wakati mmoja.

Faida yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Mfupa si jiwe. Kila siku zipo seli zinazoubomoa mfupa mkongwe na nyingine zinazojenga mpya, na katika kubomoa huko hutoka vichocheo vya ukuaji ambavyo chembe ya saratani iliyojificha ndani ya uboho huvitumia kuamkia. Zoledroniki na ndugu zake wa jamii ya bisfosfoneti huwazuia wabomoaji. Mama huiita "dripu ya kalsiamu", na nilijaribu mara nyingi kumsahihisha, kwa sababu dawa hii haina kalsiamu hata kidogo. Kinyume chake, inaweza kuishusha kalsiamu ya damu, ndiyo maana humezeshwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D pembeni.

Mwaka 2015 takwimu za majaribio 26, zenye wanawake karibu 19,000, zilikusanywa na kuchambuliwa pamoja. Kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, katika kila 100, waliokufa kwa saratani ya matiti ndani ya miaka 10 walikuwa takriban 18 kwa wasiopewa dawa na takriban 15 kwa waliopewa. Saratani ilirudi mifupani kwa takriban 9 dhidi ya 7. Kwa wanawake ambao bado walikuwa wakipata hedhi, faida hiyo haikuonekana.

Hapo kuna jambo ambalo ningependa lisomwe mara mbili na mabinti wenye miaka 35 au 40, ambao kwenye kliniki zetu si wachache. Ikiwa unatumia kidonge cha homoni cha tamoksifeni peke yake na ovari zako bado zinafanya kazi, dripu hii haina ushahidi wa kukukinga na kurudi kwa saratani, hivyo suala la kuirefusha hadi miaka 5 halina msingi. Ikiwa ovari zimezimwa kwa sindano ya goserelini, hali inabadilika: jaribio moja la Austria lenye wanawake 1,803 wa namna hiyo, ambapo takriban nusu yao walipewa zoledroniki ya miligramu 4 kila baada ya miezi 6 kwa miaka 3, lilionyesha kwamba kati ya hao waliopewa saratani ilirudi kwa wachache zaidi.

Miaka 2, miaka 3, miaka 5

Mwongozo wa wataalamu wa Marekani na Kanada wa mwaka 2017 ulitaja zoledroniki kila baada ya miezi 6 kwa miaka 3 hadi 5. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani, kama mama, kwamba 3 ni kiwango cha chini cha kumridhisha mvivu na 5 ndiyo dozi kamili. Sivyo. Namba hizo zilitokana na urefu wa majaribio yenyewe, kwa maana kwamba wengine walijaribu miaka 3 wakapata faida, wengine wakajaribu miaka 5. Hazikutokana na kuwapambanisha watu wa miaka 3 na watu wa miaka 5.

Jaribio lililopambanisha muda kwa muda lilifanyika Ujerumani, likachapishwa mwaka 2021, likihusu karibu wanawake 3,000 waliokuwa na saratani ya hatua za mwanzo lakini yenye hatari kubwa ya kurudi. Wote walipewa zoledroniki kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2. Kisha nusu wakaacha, na nusu wakaendelea kila baada ya miezi 6 hadi miaka 5 ikatimia. Hakukuwa na tofauti katika kurudi kwa saratani wala katika vifo. Tofauti ilikuwa katika usumbufu: waliopata madhara ya namna moja au nyingine walikuwa 46 katika kila 100 kwa kundi la miaka 5, na 27 kwa kundi la miaka 2, maumivu ya mifupa peke yake yalikuwa takriban 8 dhidi ya 4.

Sasa mhasibu aliye ndani yangu akahesabu dripu. Waliokuwa kwenye kundi la muda mfupi walitundikiwa takriban dripu 8 katika miaka hiyo 2. Mama katika miaka 3 ametundikiwa 6. Je, si kweli kwamba "miaka mifupi" ya Wajerumani ina dawa nyingi kuliko miaka mirefu ya mama? Ni kweli, na nilimpelekea daktari swali hilo. Jibu lake lilikuwa kwamba lile jaribio la Austria lilitumia ratiba ile ile ya mama, kila baada ya miezi 6 kwa miaka 3, likapata faida, kwa hiyo mama hajapunjwa. Ila akakubali kwamba hakuna aliyewagawa wanawake wa ratiba hiyo katika 3 na 5 akatuletea jibu lililonyooka kama la Ujerumani. Nilimheshimu kwa kulisema hilo. Hukumu yangu, baada ya kuyaweka yote mezani, ni kwamba kwa lengo la kuzuia saratani isirudi, mwaka wa nne na wa tano ni kama kuongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kukolea: huenda usiidhuru sana, lakini mnywaji hataona tofauti, na sukari inanunuliwa.

Lipo jambo lingine lililomtuliza mama kuliko takwimu hizo, nalo ni kwamba askari haondoki siku anapoambiwa aondoke. Bisfosfoneti hujishikiza kwenye mfupa na kubaki humo kwa miaka, ikitoka kidogo kidogo. Wanawake wa kawaida wenye udhaifu wa mifupa hupewa zoledroniki ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka, yaani miligramu 15 kwa miaka 3, na katika utafiti uliowafuatilia walioacha baada ya miaka hiyo, madini ya mifupa yao yalishuka kidogo tu. Mama kwa muda huo huo amepata miligramu 24. Wanawake 1,099 waliokuwa wakimeza alendroneti, kidonge cha jamii hiyo hiyo ya bisfosfoneti, walifuatiliwa kwa namna hiyo pia: baada ya miaka 5, baadhi wakaacha na baadhi wakaendelea hadi 10. Mivunjiko kwa ujumla haikutofautiana, isipokuwa ile ya pingili za uti wa mgongo yenye kujulikana kwa maumivu, ambayo iliwapata takriban 5 katika 100 ya walioacha na takriban 2 katika 100 ya walioendelea.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo inayorudisha mezani ile sababu ya pili. Wanawake wa tafiti hizo hawakuwa wakimeza letrozoli, na mama ataimeza kwa miaka 2 zaidi, pengine mingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo kwa upande wa nguvu za mfupa, kinachoamua ni kipimo cha wingi wa madini ya mfupa kwenye nyonga na mgongo, kwa sababu kalenda haiwezi kuona ndani ya nyonga. Majibu yake huandikwa kwa alama ambayo sifuri ni wastani wa kijana mwenye afya, nayo hushuka mfupa unapopungua: kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, na kuanzia -2.5 kwenda chini ni udhaifu kamili wa mifupa. Mama alipimwa alipokwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mjukuu wake. Nyonga yake ilikuwa -1.4, na hajawahi kuvunjika mahali popote. Angekuwa na -2.7, au angekuwa amevunjika kiwiko cha mkono kwa kuteleza kizingitini, ningeandika makala tofauti na hii, na ningemwomba daktari aendelee.

Gharama ambazo hazimo kwenye risiti

Dripu ya kwanza ilitundikwa asubuhi. Chupa ilikuwa ndogo, na dawa iliisha kwa dakika 20, muda mfupi kiasi kwamba mama aliuliza kama hayo ndiyo yote yaliyotutoa Sengerema alfajiri. Sista akacheka akamwambia, "Mayu, subiri usiku." Usiku kweli mwili ukamuwaka moto, mifupa ikamuuma kama aliyepigwa, meno yakagongana. Jirani aliyekuja kumjulia hali aliamua papo hapo kwamba ni malaria, akamtuma kijana dukani kwa dawa. Nashukuru kwamba tulipima kwanza. Kipimo cha kidole hakikuonyesha malaria, na homa ikaondoka siku ya tatu kwa parasetamoli na maji mengi. Huo ndio mpokeo wa kawaida wa dripu ya kwanza, na zinazofuata huwa nyepesi zaidi. Lakini kwenye ukanda wa ziwa homa haipuuzwi wala haitibiwi kwa kukisia, hivyo ni vyema familia ijue mambo yote mawili: kwamba dripu inaweza kuleta homa, na kwamba malaria haingoji dripu iishe.

Madhara makubwa ni nadra, lakini ndiyo yanayoongezeka kadiri miaka inavyoongezeka. La kwanza ni sehemu ya mfupa wa taya kufa na kubaki wazi mdomoni bila kupona, hasa baada ya jino kung'olewa. La pili ni mfupa wa paja kuvunjika bila kishindo, mara nyingi baada ya majuma ya maumivu ya chinichini kwenye paja au kinena, maumivu ambayo hayapaswi kusuguliwa dawa ya misuli tu bali kupigwa picha. Hatari hiyo hukua kwa muda wa matumizi na hupungua upesi mtu akiacha. La tatu ni figo. Kabla ya kila dripu damu hupimwa kreatinini, inayoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, na figo zikiwa zimedhoofika sana dawa hairuhusiwi, jambo linalowahusu zaidi wale wenye kisukari au shinikizo la damu, na wale waliozoea kumeza diklofenaki kwa kila maumivu ya kiuno.

Vidonge badala ya dripu

Wapo wanaouliza kama si afadhali vidonge, ili kuepuka safari. Jaribio la Marekani lenye wanawake zaidi ya 6,000 lililinganisha zoledroniki ya mshipani na vidonge vya klodroneti na ibandroneti, ambavyo navyo ni bisfosfoneti, kwa takriban miaka 3, na matokeo dhidi ya saratani yalikuwa sawa. Tatizo la taya lilimpata takriban mtu 1 kati ya 80 kwa zoledroniki, iliyotolewa mara nyingi zaidi kuliko ya mama, na chini ya mtu 1 kati ya 200 kwa klodroneti. Kwa hesabu hiyo vidonge vinashinda, ila vina masharti: vinamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji, kisha mtu akae wima au asimame, asilale, kwa nusu saa au saa nzima kutegemea kidonge.

Alendroneti, inayomezwa miligramu 70 mara moja kwa wiki, ni ya kulinda mfupa usivunjike. Ushahidi wa kuzuia saratani kurudi umejengwa hasa juu ya hizo dawa 3 nilizozitaja, kwa hiyo ukiambiwa "zote ni za mifupa, ni mamoja", uliza tena. Shangazi yangu alipewa alendroneti katika duka moja la dawa bila neno lolote la maelekezo. Akawa anaimeza usiku na uji, kisha analala. Wiki ya tatu alikuwa hawezi kumeza hata ndizi kwa jinsi koo la chakula lilivyochubuka.

Denosumabu ina kanuni zake

Sehemu hii ni ya wachache, lakini makosa yake ni makubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Denosumabu ni sindano ya chini ya ngozi, miligramu 60 kila baada ya miezi 6, haichujwi na figo, na kwa kulinda mifupa ya wanaomeza letrozoli na jamaa zake ni hodari sana: katika jaribio la Austria na Sweden la wanawake zaidi ya 3,400 ilipunguza mivunjiko kwa takriban nusu. Kwa kuzuia saratani isirudi mifupani, jaribio kubwa la wanawake zaidi ya 4,500 lililochapishwa mwaka 2020, ingawa lilitumia dozi kubwa zaidi, halikuona faida. Basi anayeitumia na awe anajua kwamba anaitumia kwa sababu ya pili, si ya kwanza.

Tofauti yake kubwa na zoledroniki ni kwamba haibaki mfupani. Miezi 6 ikipita nguvu yake inakwisha, na wabomoaji waliokuwa wamefungwa wanafunguliwa wote kwa pamoja. Wanawake walioacha ghafla, au waliochelewa miezi kadhaa, wamepata kuvunjika pingili za mgongo mbili, tatu au zaidi kwa mkupuo, bila kuanguka. Kwa sababu hiyo, swali la "miaka mingapi" kwa denosumabu halijibiwi kabla ya swali la "nitaitokaje", na jibu la kawaida ni kupewa bisfosfoneti, mara nyingi zoledroniki, pale sindano inayofuata ilipopaswa kuchomwa au muda mfupi baadaye. Dawa hii pia hutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Anayekaa mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, au ambaye bima yake inaweza kukatika katikati ya mwaka, afikiri sana kabla ya kuianza. Kukosa dripu moja ya zoledroniki kwa miezi 3 ni usumbufu, kukosa denosumabu kwa miezi hiyo ni hatari.

Tulivyoamua

Nikilinganisha kwa mkato namna nilivyomwekea mama pale uani, akichambua dagaa: kuacha sasa kunamhifadhi taya, paja na figo, kunampunguzia safari 2 kwa mwaka, na hakumwondolei dawa iliyokwisha kuingia mfupani, kuendelea kunamwongezea uhakika wa nguvu za mfupa wakati letrozoli ikiendelea kuupunguza, jambo ambalo kwa nyonga ya -1.4 si la dharura. Safari zenyewe si zile za zamani, maana tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa mwezi Juni 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi, na mama alilitumia hilo kama hoja ya kuendelea: "Daraja lipo, nauli tunayo, kinachokuzuia nini?" Nikamjibu kwamba daraja limefuta foleni ya kivuko, halikufuta ya madhara.

Tulirudi kwa daktari pamoja. Mama aliuliza mwenyewe, na nilifurahi kuona amekwisha kuacha kuniangalia mimi. Aliuliza kama tezi 2 za kwapani zilizokutwa na saratani zinabadilisha chochote. Akajibiwa kwamba hao hao wenye hatari kubwa ndio waliokuwamo kwenye jaribio la Ujerumani, na muda mrefu haukuwaongezea kitu. Aliuliza kama akiacha anaweza kuanza tena. Akajibiwa ndiyo, kwa ajili ya nguvu za mfupa, kipimo kikishuka kufikia -2 au chini zaidi, au akivunjika. Akauliza la mwisho, ambalo mimi sikuwa nimeliandika: kama akiacha dripu, je, vidonge vya kalsiamu na vitamini D navyo viachwe? Hapana, hivyo vinaendelea maadamu anameza letrozoli, pamoja na maziwa mgando na hao dagaa wa ziwani wanaoliwa wazima na miiba yao.

Basi zoledroniki imesimamishwa baada ya dripu 6. Letrozoli inaendelea. Nyonga na mgongo vitapimwa tena baada ya miaka 2, na tarehe imeandikwa nyuma ya daftari la kliniki kwa kalamu nyekundu. Mwanamke aliyekuwa akiketi naye benchi moja, aliyevunjika mkono mwaka jana na mwenye kipimo cha -2.8, anaendelea hadi miaka 5, na sioni kwamba mmoja wao amekosea.

Limebaki jino. Gego la chini la mama limekuwa likimsumbua tangu dripu ya nne, akawa anapewa ahadi ya kuliziba badala ya kulitoa. Siku ile, akiwa ameshika mlango wa chumba cha daktari, aligeuka akauliza kama sasa linaweza kung'olewa wiki hiyo hiyo, akaambiwa asubiri: dawa ingali mfupani, hivyo kwanza lizibwe kama linazibika, na kama ni lazima litoke, daktari wa meno aambiwe kabla hajashika koleo kwamba mgonjwa huyu ametundikiwa zoledroniki mara 6. Nimemwandikia hayo kwenye karatasi, naye ameikunja na kuiweka kwenye fundo la khanga pamoja na nauli.